Mkia wa Mkanda

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Aliitwa Bi Kata, na aliyembandika jina hilo alijua anachofanya. Enzi zake za kutengeneza filamu, akishapiga "Kata!" moja ya kusimamisha kamera, majirani waliokuwa jikoni waliacha kisu hewani bila kujua kwa nini. Watoto wakaligeuza neno hilo mchezo: mmoja analia, mmoja anakufa, na mwingine anashika kiuno na kupiga kelele. Nafasi iliyogombaniwa ilikuwa hiyo ya kushika kiuno.

Waliofanya naye kazi wanamkumbuka kwa ukali, na hawamsingizii. Lakini tuseme ukweli, mwanamke mwenye kamera siku zile alizungukwa na watu waliokuja kumwona akishindwa. Alianza kama mshika taa kwenye studio ya picha. Mwenye studio alikuwa na kamera ya video ya kurekodia harusi, na siku za kazi kamera ile ilikaa kabatini inakula vumbi. Bi Kata akaiomba. Alipoeleza kwamba anataka kuongoza filamu, mwenye studio alicheka mpaka akakohoa, akanywa maji, akacheka tena. Kisha akampa, kwa kuwa hakuona cha kupoteza.

Akatengeneza ya mapenzi. Akatengeneza ya kuchekesha, ya mawifi wawili waliofungiwa stoo na kuku. Akatengeneza ya wanawake wa kiwandani waliogoma, halafu ya mzimu. Hakuchagua aina moja akakaa nayo, maana hakuwahi kujua kama ataruhusiwa nyingine. Na katika zote, mwigizaji mkuu alikuwa mmoja tu: mdogo wake wa tumbo moja.

Mdogo mtu alikuwa na sura ya kusimamisha barabara. Aliweza kutoa chozi la jicho moja kwa kuagizwa, na ukimwambia la kushoto, linatoka la kushoto. Kilichomsaliti kilikuwa sauti. Tangu utotoni alikuwa na sauti nzito, yenye mikwaruzo, kama mtu aliyeshangilia mpira tangu asubuhi. Nyumbani hakuna aliyeijali. Ndiyo aliyoagizia chumvi dukani, ndiyo aliyochekea, ndiyo aliyomwita dada yake kutoka ng'ambo ya barabara hadi watu wasiohusika wakageuka.

Siku filamu ya mapenzi ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza kwenye kibanda cha video, bibi harusi alisimama dirishani, mzuri kupita maelezo, kibanda kizima kimya. Akafungua mdomo. Watu wakaangua kicheko. Kuna waliotoka nje ili wapate nafasi ya kucheka vizuri.

Msambazaji, ambaye hakuwahi kushika kamera maishani mwake lakini jina lake lilikaa kwenye kila kasha kama mwongozaji, alisema maneno machache tu. "Badilisha sauti, au rudi na filamu yako nyumbani."

Dada alikuwa tayari kugombana. Mdogo mtu ndiye aliyemshika mkono. "Nibadilishie tu, dada. Mimi sura inanitosha." Alisema huku anacheka, lakini njia nzima ya kurudi hakuongea tena.

Ndipo akapatikana Mwalimu. Alikuwa mwalimu wa chekechea, mwanamke mfupi, mwenye sauti laini ya kuvuta, ambayo ukiisikia unatamani mtu akufunike shuka. Walimweka kwenye stoo ya studio, wakaegemeza magodoro ukutani, wakamfunika blanketi kichwani ili sauti ya barabarani isiingie, naye akayasema maneno yote upya. Mdogo mtu alikaa pembeni yake, akimgusa paja kila mdomo wa kwenye kioo cha runinga ulipotaka kufunguka. Sauti mpya ikarekodiwa juu ya ile ya zamani, kwenye mkanda ule ule. Toka siku hiyo ikawa ndiyo kawaida ya kazi yao. Mmoja alilia, mwingine akamlilia.

"Mwalimu, mimi natoka jasho, wewe unapata sifa," mdogo mtu alikuwa akimtania.

"Tubadilishane basi. Nipe hiyo sura nikatembee nayo Jumamosi moja tu."

Filamu ya mzimu ndiyo iliyokuwa ya mwisho. Mdogo mtu aliigiza akiwa ananyonyesha. Alikuwa amezaa mtoto wa kike, akamwita Pipi kwa utani, na jina la kwenye cheti likasahaulika. Kabla Pipi hajaota jino la kwanza, mama yake aliamka na kichwa kinauma. Wakadhani uchovu. Homa ikapanda, wakampeleka hospitali, hospitali wakafanya walichoweza. Wiki haikuisha wakawa wamemzika. Baba wa mtoto alijaribu kwa muda, kisha akaoa tena, akahamia mbali, akawa mtu wa kutuma salamu.

Mtoto akabaki kwa Bi Kata, na mtoto alilia. Alilia hadi ikawa sehemu ya nyumba, kama mlango unaogonga. Jioni moja Bi Kata, kwa kukosa la kufanya, aliweka mkanda wa filamu ya mapenzi ili amwone mdogo wake. Bibi harusi akasimama dirishani, akamwambia mume anayesafiri: "Nenda. Ukirudi utanikuta hapa hapa." Mtoto akanyamaza. Akageuza kichwa kwenye runinga, akasikiliza, akalala.

Kesho yake akaweka tena. Ikawa ndiyo dawa. Pipi alikua akiisikia ile sauti kila jioni, na hata kuongea alijifunza kutoka kwayo, taratibu, kwa kuvuta. Alipoanza kuuliza, aliuliza: "Mama anasema nini?" Bi Kata alijibu: "Anasema utamkuta hapa hapa."

Mwalimu alikuja mara moja baada ya msiba, kusaidia kumbeba mtoto. Alipomsalimia tu, Pipi alimnyooshea mikono yote miwili na kumng'ang'ania shingoni kama anamjua. Bi Kata aliona. Alimchukua mtoto kwa nguvu kidogo. "Mwalimu, usinielewe vibaya. Ukija unamvuruga mtoto. Tuache kwanza tupumue." Mwalimu alielewa kwamba anafukuzwa, ingawa hakuelewa kosa lake. Baadaye akahamishiwa kufundisha mji mwingine, na Bi Kata akashukuru kimoyomoyo.

Alipanga kumwambia Pipi atakapoanza shule. Akapanga atakapovunja ungo. Akapanga atakapoolewa. Kila alipofungua mdomo alimwona yule mtoto aliyenyamaza mbele ya runinga, akaufunga. Hakuwa mwongo kwa tabia, alikuwa mwoga wa jambo hili moja. Mama wa Pipi alishakufa mara moja. Bi Kata hakuwa na moyo wa kumuua mara ya pili.

*

Sasa Pipi alikuwa mtu mzima, muuguzi wa wodi ya watoto, ameolewa na dereva wa malori ya masafa, ana mimba kubwa. Kwa kuwa mume hakuwa mtu wa kukaa, alirudi kwa Bi Kata kungojea siku zake. Alikuja na begi la nguo na simu yenye kipande cha filamu alichokinakili: dirisha, bibi harusi, na yale maneno. Alikuwa anaweka simu juu ya tumbo.

"Unafanya nini wewe?" Bi Kata aliuliza.

"Namsikilizisha sauti ya bibi yake. Akizaliwa awe ameshaizoea."

Bi Kata alisema maziwa yanamwagika jikoni. Hapakuwa na maziwa jikoni.

Katika wiki hizo hizo simu ikalia. Alikuwa msichana wa ukumbi wa maktaba, mwenye haraka ya maneno. Wameandaa juma la filamu walizoongoza wanawake, alisema, za zamani na za sasa, za kila aina. Kuna katuni, kuna ya vita, kuna ya kuchekesha, kuna moja ya wafuaji nguo wa hospitali ambayo haina hadithi, ni maisha yao tu. "Na tunataka yako ya mapenzi, Bi. Wewe ndiye uliyetutangulia."

"Nani kakwambia ni yangu? Kwenye kasha kuna jina la mwanaume."

"Watu wazima wote wanajua, Bi. Tumeandika jina lako kwenye tangazo. Kubwa kabisa."

Bi Kata alikaa chini. Miaka yote ile alikuwa amejiambia kwamba hajali. Alijali hadi machozi yakamtoka akiwa bado ameshika simu, na Pipi akaja mbio akidhani kuna msiba.

Walikwenda mchana wa mwisho wa juma lile. Bi Kata alivaa gauni lake la bluu na viatu vilivyomkataa. Walimkalisha mbele kabisa, pembeni ya jukwaa. Pipi, kwa sababu ya tumbo, alichagua safu ya nyuma karibu na mlango, kiti cha jirani kikiwa wazi. Zilionyeshwa filamu fupi fupi kwanza. Bi Kata alizitazama kwa jicho la fundi. Ile ya vita aliona imeongozwa na mtu mwenye subira. Ile ya katuni, kazi ya msichana ambaye bado ana chunusi, ilimchekesha kwa sauti. Ile ya wafuaji nguo ilimnyamazisha. Mikono tu, maji, mashuka, mikono. Alijisemea kwamba laiti angezaliwa baadaye kidogo.

Kisha taa zikazimwa tena, na mdogo wake akatokea ukutani, mkubwa kuliko alivyowahi kuwa.

Yaliyotokea nyuma Bi Kata aliyajua baadaye. Mwanamke mfupi, mwenye mvi, alichelewa kuingia. Akapapasa gizani, akakaa kwenye kile kiti kilicho wazi. Filamu ikaendelea. Bibi harusi akasogea dirishani. Na yule mwanamke, bila kukusudia, kwa mazoea na mapenzi ya zamani, akaanza kuyasema maneno chini chini pamoja na filamu.

"Nenda. Ukirudi utanikuta hapa hapa."

Pipi aliisikia sauti ya mama yake mara mbili. Moja ilitoka ukutani. Nyingine ilitoka kwenye kiti cha kushoto kwake, karibu kiasi cha kuhisi pumzi.

Kwa kitambo kidogo aliamini. Hilo alimwambia Bi Kata mwenyewe baadaye, na Bi Kata hajalisahau. Kwa kitambo kidogo, muuguzi mwenye akili zake timamu, aliyeshika maiti kwa mikono yake, aliamini kwamba mama yake amerudi na amekaa pembeni yake. Akageuka akamshika mkono yule mwanamke.

"Wewe ni nani?"

Mwanamke alimtazama kwa mwanga wa filamu, uso ukamchanua. "Jamani! Macho ni yale yale. Wewe ni Pipi! Mimi nilikuwa namsemea mama yako. Filamu zote hizo, sauti ni yangu. Hawajakwambia?"

Alisema kwa furaha. Alidhani anatoa zawadi.

Taa zilipowaka, msichana wa ukumbi alimwita Bi Kata jukwaani, watu wakasimama kumpigia makofi. Alipanda kwa shida ya magoti, akageuka kuwatazama, na juu ya vichwa vyote vile akaona safu ya nyuma. Aliona mvi za Mwalimu. Aliona Pipi amesimama, mkono mmoja tumboni, anamtazama. Hakuwa anapiga makofi.

"Sema neno, Bi," msichana alimnong'oneza, akimwekea kipaza sauti mdomoni.

Bi Kata alikisukuma pembeni. Watu wakadhani ni furaha, wakazidisha makofi.

*

Nyumbani Pipi alivua viatu, akaviweka sawa, akakaa kwenye kiti cha jikoni.

"Mama Mkubwa," alisema.

Kwa damu ndivyo ilivyo. Dada mkubwa wa mama yako ni mama yako mkubwa, na hakuna tusi ndani yake. Lakini Pipi tangu ajue kuongea alimwita Mama, basi. Bi Kata alishika ukingo wa meza.

"Mama Mkubwa, mimi nilikuwa nasikiliza sauti ya nani miaka yote hii?"

"Ulikuwa unalia, mwanangu. Ulikuwa hunyamazi."

"Na nilipoacha kulia?"

Bi Kata akaanza kufuta kwa kiganja meza iliyokuwa safi.

"Nimemwekea mwanangu sauti ya mtu baki juu ya tumbo," Pipi alisema. Hakupandisha sauti. Aliongea vile vile alivyojifunza, taratibu, kwa kuvuta, na katikati ya sentensi akajisikia mwenyewe. Akaziba mdomo kwa mkono. Ndipo alipolia, kilio cha mtu ambaye hata kilio chake hakijui ni cha nani.

Siku ya pili Mwalimu alikuja kuomba radhi, akiwa amekonda kwa usiku mmoja. Alisimama mlangoni, akaanza, "Mwanangu, mimi sikujua..."

"Mwalimu, nisamehe," Pipi alimkatiza. "Hujanikosea kitu. Ila naomba usiongee."

Mwalimu akaitikia kwa kichwa. Aliingia, akakaa, akaushika mkono wa Pipi, wakakaa hivyo mpaka chai ikapoa. Alipoondoka aliaga kwa kumgusa paja kidogo, kama alivyokuwa akiguswa yeye zamani kwenye ile stoo, na hakufungua mdomo hadi alipofika barabarani.

Mlango ulipofungwa Pipi alisema, "Nataka kumsikia yeye. Hata neno moja. Mkanda wa kamera si ulikuwa unarekodi na sauti?"

Bi Kata alikuwa akilisubiri swali hilo, na ndilo alilokuwa akiliogopa zaidi. Ndiyo, kamera ilirekodi sauti. Sauti yake ya kweli ilikuwa kwenye mikanda ya awali, kabla ya kuhaririwa. Lakini mikanda ilikuwa adimu. Ukishakata vipande vizuri ukavihamishia kwenye filamu, mkanda wa awali unarudi kazini, unarekodia harusi ya Jumamosi juu yake. Kila mtu alifanya hivyo. Bi Kata alifanya kwa bidii kuliko wote, na alijisifia kwamba kwake hakuna mkanda unaolala bure.

Sasa akaanza kuelewa alichokifanya. Vipande alivyohifadhi ni vile mdogo wake alipopatia, alipokuwa bibi harusi, wifi, mgomaji, mzimu, tena kwa sauti ya mwingine. Vile alivyokosea, alipocheka katikati, alipomtania mpiga picha, alipoomba maji, aliposema "dada, nimechoka bwana," vile ambavyo ni yeye mwenyewe, Bi Kata alivifuta. Aliviita taka. Alikuwa akipiga kelele, "Mkanda huo, mkanda! Acha kupoteza mkanda!"

"Na harusi yake mwenyewe?" Pipi aliuliza. "Video ipo. Nimeiona."

"Umeiona. Umesikia nini?"

Pipi alifikiri. "Muziki."

"Harusi zote tuliweka muziki juu. Mwanzo hadi mwisho. Watu walipenda hivyo."

Nje mtu alikuwa anapiga mswaki na kutema. Kisha Bi Kata akainuka ghafla, magoti yakalia, akaenda kuvuta sanduku lililokuwa chini ya kitanda chake. Studio ilipofungwa, mwenye studio alimpa mikanda ya harusi ambayo wenyewe hawakurudi kuichukua. Hakuwahi kuitupa, na hakuwahi kuwa na sababu ya kuitazama.

"Harusi ya watu inaisha," alisema, akihema. "Mkanda hauishi. Ukirekodi harusi fupi juu ya mkanda mrefu, mwishoni kunabaki kipande cha zamani ambacho hakikufikiwa. Tulikuwa tunakiita mkia."

Mashine ya kuchezea mikanda ilikuwa imekufa zamani. Waliipeleka kwa fundi redio wa pale kona, ambaye aliifungua, akaitazama ndani na kuvua kofia kama yuko msibani. "Bi Kata, hii mlikuwa mnaitunza au mnaipikia?" Lakini aliitengeneza, na kwa kuwa aliona uso wa Pipi hakutania tena.

Asubuhi baada ya asubuhi wakakaa sebuleni, madirisha yamefungwa mapazia. Waliruka harusi za watu. Keki zilikatwa kwa kasi, mashangazi walicheza kama wameumwa na siafu, mabwana harusi walifuta jasho. Kisha harusi inaisha, kioo kinajaa chenga za picha iliyokatika, na mkia unaanza. Mkia mmoja ulikuwa ukuta mtupu. Mwingine ulikuwa kuku wa ile filamu ya mawifi. Mwingine ulionyesha mgongo wa mdogo wake akitembea kwenda mbali, na sauti pekee ilikuwa ya upepo. Pipi aliomba aurudie huo mgongo. Wakaurudia.

Sanduku likawa linakwisha. Bi Kata alikuwa ameanza kuandaa maneno ya kumfariji, na kila aliyoyaandaa aliyaona hayafai.

Mkanda uliokaribia kuwa wa mwisho ulikuwa harusi ya watu warefu wasiocheka. Ikaisha. Chenga zikapita. Na mdogo wake akawa amekaa kitandani, uso umepakwa unga mweupe, shuka jeupe mabegani. Ilikuwa filamu ya mzimu. Alikuwa anangoja zamu yake, hajaanza kuigiza, anakwangua unga kwenye kucha. Taa ilikuwa inavuma. Mahali fulani nje ya picha mtoto akaanza kulia.

Pipi akashika mkono wa Bi Kata.

Mwanamke wa kwenye kioo aliinua kichwa. Uso wote ukageuka, ukaacha kuwa wa mzimu. Akafungua mdomo, na ikatoka ile sauti, nzito, yenye mikwaruzo, sauti ya mtu aliyeshangilia mpira tangu asubuhi.

"Pipi? Pipi wangu, usilie, mama ana..."

"Kata!"

Sauti ya Bi Kata ya siku zile ilijaa sebule nzima. "Kata! Nani kaleta mtoto humu ndani? Mtoeni!"

Mdogo wake alifunga mdomo. Aliitazama kamera kidogo, akainamisha kichwa, akavuta shuka juu ya bega. Picha ikaishia hapo.

Bi Kata hakuweza kumtazama Pipi. Angeomba samahani kama angejua aianzie wapi. Miaka yote alimwandikia mdogo wake la kusema, neno kwa neno, na kumgombeza akikosea. Haya machache hakuyaandika yeye.

"Mama ana nini?" Pipi aliuliza. Alikuwa analia bila kujifuta. "Alikuwa anataka kusema nini?"

"Sijui, mwanangu."

"Anakuja? Anakupenda? Ana kazi?"

"Sijui. Sikumwacha amalize."

Pipi alijivuta mbele na lile tumbo lake, akapiga magoti mbele ya mashine, akabonyeza mkanda urudi nyuma. Chenga, kitanda, unga, kilio cha mtoto. "Pipi? Pipi wangu, usilie, mama ana..." "Kata!" Akarudisha tena. Alikuwa ameegemeza sikio kwenye runinga, anamfuatisha mama yake kimya kimya kwa midomo, anajifunza jinsi jina lake linavyosemwa.

Bi Kata alikaa nyuma yake na gauni la nyumbani, mikono mapajani. Hakumzuia. Na kila mkanda ulipokaribia pale, alibana midomo yake kwa nguvu zote, kana kwamba safari hii yule Bi Kata wa kwenye mkanda angenyamaza.